Sura ya Saba: Kishikwambi cha Kawaida, Simu ya Mfukoni na Ghala Lisilo na Waya

Watanzania wengi walikiona kishikwambi kwa karibu kwa mara ya kwanza Agosti 2022, mkononi mwa karani wa sensa. Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 mwezi ule ndiyo ya kwanza nchini kukusanya taarifa kwa vifaa hivyo badala ya madodoso ya karatasi. Kazi ilipokwisha, Serikali ikavigawa vishikwambi kwa walimu. Ndiyo maana leo ukiingia ofisi ya walimu, iwe Dar es Salaam au huku Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo, si ajabu kukikuta kimoja mezani, kando ya daftari la mahudhurio na chupa ya chai.

Lakini mara nyingi utakikuta kimezimwa. Ukiuliza kwa nini, utapewa sababu mbili, na ndizo hizo hizo atakazokupa mtu aliyejinunulia cha bei nafuu Kariakoo: hakina bando, na kimejaa.

Sura hii inashughulika na sababu hizo mbili. Hakuna hata moja kati yake inayodai kifaa kipya. Bando tayari liko kwenye simu yako. Nafasi iko kwenye memori kadi, kwenye flashi, au kwenye ile simu ya zamani iliyotupwa kabatini kwa sababu kioo kilipasuka. Kilichobaki ni kuviunganisha, na kuelewa jambo moja ambalo muuza simu hakuelezi: si kila kinachopita kwenye waifai kinakula bando.

Kwa nini vifaa hivi huzaliwa na njaa

iPad ya kwanza ilipotoka mwaka 2010, toleo lake la bei ya chini lilikuwa na nafasi ya GB 16, halikuwa na sehemu ya laini, wala hapakuwa na tundu la memori kadi. Mwaka uliofuata Amazon ilitoa Kindle Fire yenye GB 8 tu, nayo bila laini na bila kadi. Watengenezaji walikuwa wakimfikiria mnunuzi wa Marekani au Ulaya, ambaye nyumbani kwake intaneti ya waya haikatiki na haipimwi kwa megabaiti. Mtu huyo hahitaji kuweka kitu ndani ya kifaa, maana akitaka filamu anaivuta pale pale.

Vishikwambi vya Android vya bei nafuu vilivyofuata viliongeza tundu la kadi, na baadhi sehemu ya laini, lakini njaa ya nafasi haikuisha. Kifaa kilichoandikwa GB 16 hakikupi GB 16. Mfumo wenyewe na programu zilizokuja nacho hukalia sehemu kubwa. Ukiongeza WhatsApp yenye magrupu matano ya familia, shule na msikiti au kanisa, picha na sauti zinazojihifadhi zenyewe humaliza kilichobaki.

Hata chenye sehemu ya laini kina gharama yake. Laini ya pili inataka bando la pili, na bando la kishikwambi ukilisahau siku tatu linakwisha muda wake bila kutumika. Kwa mwenye kipato cha kawaida, bando moja linalohudumia vifaa viwili lina maana kuliko mabando mawili yanayoisha kwa tarehe tofauti.

Hotspoti: simu ikae penye mtandao, wewe ukae penye kivuli

Ukiwasha hotspoti, simu hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja inazungumza na mnara wa kampuni ya simu kupitia laini yako. Upande wa pili inatoa waifai yake ndogo, yenye jina na nenosiri. Kila kifaa kinachojiunga hupewa anwani ya ndani, na simu inabaki katikati ikipeleka maombi nje na kurudisha majibu. Uwezo huu uliingia kwenye Android toleo la 2.2 mwaka 2010, na kwenye iPhone mwaka 2011, kwa hiyo hata simu ya zamani sana inao.

Watu huiona hotspoti kama njia ya maskini, ya kuombana: "Mwalimu, hebu nirushie hotspoti kidogo." "Bando lenyewe limebaki la salamu tu, ndugu yangu." Kumbe ina faida ambayo kishikwambi chenye laini yake hakina. Mtandao wa simu ukiwa dhaifu, kishikwambi chenye laini kinakulazimu uhamie pale unapopatikana. Kwa hotspoti, simu ndiyo inayohamia huko, na wewe unabaki ulipo.

Kwenye nyumba nyingi za Kaole, jambo hili ni la kila siku. Bati hurudisha mawimbi, na ukuta wa tofali huyapunguza. Ndani ya chumba unaweza kuona vijiti viwili vya mtandao, ukitoka barazani vinakuwa vinne. Basi iache simu dirishani au juu ya rafu upande unaoelekea mnara, halafu wewe kaa mezani na kishikwambi. Waifai ya simu inafika mita kadhaa na kuvuka ukuta mmoja bila taabu, hasa ukichagua mkanda wa gigahezi 2.4. Ule wa gigahezi 5 una kasi zaidi, lakini haufiki mbali na ukuta unausumbua. Kwenye mipangilio ya hotspoti sehemu ya kuchagua mkanda ipo. Wengi hawajawahi kuifungua.

Angalia mambo mawili. Usiiweke simu juani, kwa sababu hotspoti peke yake huipasha joto, na simu iliyochemka hupunguza kasi kisha huzima kazi hiyo yenyewe. Na iwe kwenye chaji au pawabenki, maana kuzungumza na mnara na waifai kwa pamoja hula betri haraka. Kama unatumia kishikwambi kimoja tu na hutaki kasi kubwa, hotspoti ya Bluetooth inatosha kwa barua pepe na WhatsApp, na betri inadumu zaidi.

Bando linakwenda wapi?

Lalamiko la kawaida ni hili: "Niliunga GB 1 asubuhi, saa nne halipo, na sijaangalia hata video moja." Anayesema hivyo hasemi uongo. Kishikwambi kikiunganishwa na waifai huichukulia kuwa ni ya bure, kama ile ya ofisini. Hapo hapo kinaanza kazi zote kilizokuwa kimeziahirisha: kusasisha programu, kupeleka picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, kupakua toleo jipya la mfumo. Simu zenye Android huweza kukijulisha kishikwambi kwamba mtandao huu unapimwa, ila taarifa hiyo haifiki kila mara, hasa vifaa vikiwa vya mifumo tofauti.

Dawa yake ni dakika tano za kazi. Kwenye kishikwambi, fungua mipangilio ya waifai, gusa jina la hotspoti yako, tafuta sehemu inayouliza kama mtandao huo unapimwa data, kisha chagua kwamba unapimwa. Ingia Play Store uzime usasishaji wa kujiendesha. Zima uhifadhi wa picha mtandaoni. Kwenye WhatsApp, zuia video zisijipakue. Baadhi ya simu zina sehemu ya kuweka kikomo: hotspoti ikishatumia kiasi fulani cha MB inajifunga. Kama yako inayo, itumie. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na bando ni mali.

Kisha punguza ubora wa video. Kwa ubora wa 480p, saa moja ya video hula takribani MB 500. Ukipanda hadi 720p, kiasi hicho kinaweza kuongezeka maradufu au zaidi, na kwenye kioo cha inchi 7 au 8 jicho halioni tofauti kubwa.

Ghala: nenda kisimani mara moja

Hata hivyo, hotspoti peke yake haimalizi tatizo. Shule yenye walimu kumi wanaohitaji kitabu kimoja cha MB 30, kila mmoja akikipakua mwenyewe, imetumia MB 300. Akikipakua mmoja na kuwagawia wenzake kwa njia ya ndani, zimetumika MB 30 tu. Intaneti ni kisima na ghala ni mtungi: mtu mmoja anateka, nyumba nzima inakunywa.

Njia ya kwanza ya kupata ghala ni memori kadi, kama kishikwambi kina tundu lake. Kadi ya GB 64 inabeba zaidi ya saa 100 za video za ubora ule wa 480p. Njia ya pili ni flashi ya kawaida pamoja na kile kiunganishi kidogo kiitwacho OTG, kinachochomekwa kwenye tundu la chaji. Zote mbili ni rahisi na hazina makeke, ila kila moja inahudumia kifaa kimoja kwa wakati mmoja.

Njia ya tatu ni ghala lisilo na waya. Mwaka 2011 kampuni ya Seagate ilitoa GoFlex Satellite, diski ya GB 500 yenye betri yake na waifai yake. Mwaka huo huo Kingston ikaja na Wi-Drive, ndogo ya kuingia mfukoni. SanDisk ilifuata mwaka 2013 kwa flashi isiyo na waya, na Western Digital ikatoa My Passport Wireless mwaka 2014, yenye tundu la kadi ya kamera. Zote zililenga watu wenye vishikwambi visivyo na nafasi. Unaiwasha, unajiunga na waifai yake, na filamu inachezwa moja kwa moja kutoka kwenye diski bila kunakiliwa na bila kugusa bando hata kidogo.

Zilikuwa na kikwazo kimoja kinachowachanganya wengi hadi leo. Kwa kawaida kishikwambi hujiunga na waifai moja tu kwa wakati. Ukiwa kwenye waifai ya diski, huna hotspoti, na ukiwa kwenye hotspoti, huna diski. Watengenezaji walitatua hilo kwa kuiwezesha diski yenyewe kujiunga na hotspoti, halafu kishikwambi kikabaki kwenye waifai ya diski na kupata vyote viwili. Ukipata diski ya aina hii, tafuta kwanza sehemu hiyo kwenye mipangilio yake.

Lakini nyingi kati ya diski hizo hazitengenezwi tena, na utakazokutana nazo ni za mtumba. Mwaka 2015 ilibainika kwamba baadhi ya diski zisizo na waya za Seagate na LaCie zilikuwa na mlango wa siri wenye nenosiri la kiwandani, unaomruhusu mtu aliye karibu kuingia na kuchukua faili. Kampuni ilitoa marekebisho, lakini diski ya mtumba ambayo haikuwahi kusasishwa bado ina mlango ule. Kwa hiyo sikushauri uitafute. Iko njia ya nne, na haihitaji kununua kitu.

Simu yenye kioo kilichopasuka

Chukua simu ya zamani ya Android inayowaka na kushika chaji. Haijalishi kama spika imekufa au kioo kina nyufa, mradi ukikigusa kinaitikia. Ifute vitu vyote, irudishe kwenye hali ya kiwandani, kisha iwekee memori kadi. Hilo ndilo ghala lako.

Weka ndani yake programu ya kusimamia faili yenye uwezo wa kushirikisha faili kwenye mtandao wa ndani. Programu nyingi za aina hiyo zina kitufe kilichoandikwa FTP au chenye alama ya mtandao. Unganisha simu hiyo kwenye hotspoti ya simu yako ya kila siku, kisha bonyeza kitufe kile. Kiooni itatokea anwani ya tarakimu, mara nyingi inayoanza na 192.168, ikifuatiwa na nukta mbili na namba nyingine.

Sasa unganisha kishikwambi kwenye hotspoti hiyo hiyo. Fungua programu ya faili, chagua kuongeza eneo la mtandao, andika anwani ile kama ilivyo, na folda za simu ya zamani zitajitokeza. Usiiandike anwani ya FTP kwenye Chrome, kwa sababu Chrome iliacha kabisa kufungua anwani za aina hiyo mwaka 2021. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani wamekosea. Anwani ikianza na http, Chrome itaifungua.

Ona kilichotokea. Kishikwambi kiko kwenye waifai moja tu, na kupitia hiyo kimepata intaneti ya simu mpya na ghala la simu ya zamani. Faili zinazotoka ghalani hazipiti kwenye mnara, kwa hiyo hazihesabiwi na kampuni ya simu. Kwenye simu nyingi za Android unaweza hata kuzima data na hotspoti ikabaki hewani, ghala likaendelea kutoa. Kwa kasi ya MB 3 kwa sekunde, faili ya MB 500 inavuka chini ya dakika 3. Kama ni video, huhitaji kuinakili, icheze tu ikiwa huko huko iliko.

Simu chache huzuia vifaa vilivyo kwenye hotspoti moja visionane. Ukikuta hivyo, geuza mpango: simu ya zamani ndiyo iwashe hotspoti, hata kama haina laini, na kishikwambi kijiunge nayo pale unapotaka ghala. Vijana waliozoea kurushiana filamu kwa programu ya Xender wamekuwa wakitumia kanuni hii hii kwa miaka bila kuipa jina.

Nini kikae ghalani

Gawa mahitaji yako mafungu mawili. Yako mambo ya leo, na yako mambo ya mwaka mzima. Mvuvi wa Kaole au mwanafunzi wa chuo cha uvuvi cha Mbegani anayetaka utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa anataka wa leo. Utabiri wa juzi haumfai kitu, na bando litumike hapo. Lakini kitabu cha Hisabati cha Darasa la Tano hakibadiliki Jumanne hadi Jumatano. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vyake vya kiada kwenye maktaba mtandao, bure. Mwalimu akivipakua mara moja na kuvipanga kwa darasa na somo, ghala moja linahudumia shule nzima.

Ipo pia Kiwix, programu iliyoanzishwa mwaka 2007, inayokuwezesha kusoma Wikipedia, ikiwamo ya Kiswahili, bila intaneti yoyote baada ya kupakua faili lake mara moja. Kolibri, ya shirika la Learning Equality, inafanya hivyo kwa masomo na mazoezi ya shule.

Mwongoza wageni kwenye magofu ya Kaole naye ana la kuvuna. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba pale mwaka 1958, na tangu hapo misikiti miwili ya mawe, makaburi yenye minara na vyombo vya Kichina vimepigwa picha na kuchorwa mara nyingi. Mgeni aliyesimama mbele ya ukuta uliobomoka anafaidika akionyeshwa ramani ya msikiti ule kwenye kioo cha inchi 8, na picha zilizopigwa kabla ya ukarabati. Akizipenda, hajiungi na chochote cha nje: anaingia kwenye waifai ya mwongozaji data ikiwa imezimwa, anachukua nakala, basi.

Na ghala lina faida nyingine ambayo Watanzania walionjeshwa Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki na Kusini. Aliyekuwa na vitabu vyake ndani aliendelea kufundisha Jumatatu.

Usalama usiupuuze

Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole, na kila kinachofanywa mtandaoni kupitia hotspoti yako kinaonekana kimetoka kwako. Weka nenosiri lenye herufi zisizopungua 12, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na libadilishe baada ya kumpa mpita njia. Namba yako ya simu si nenosiri.

Mwalimu mwenye majina, matokeo au picha za wanafunzi asiviweke kwenye ghala la wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu na yeye. Tenga simu ya ghala kwa vitabu na video, na taarifa za watu zibaki kwenye kifaa chenye kufuli.

Jihadhari na kadi feki. Kuna kadi zinazouzwa zimeandikwa GB 128 huku ndani zina GB 8. Zinapokea kila kitu bila kulalamika, halafu faili za mwanzo zinaharibika kimyakimya. Ukinunua, ijaze yote siku hiyo hiyo, kisha fungua faili za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zikikataa, irudishe dukani ukiwa na risiti. Tena, usiwe na nakala moja tu. Hewa ya chumvi ya pwani hula matundu ya chaji na miguu ya kadi, kwa hiyo kila mwisho wa muhula nakili ghala lako kwenye flashi na uihifadhi mahali pakavu.

Hukumu yangu ni hii: kwa kusoma, kufundisha na kuonyesha, kishikwambi cha kawaida kikisaidiwa na simu mbili hakizidiwi na kifaa cha bei mara tatu. Kitakachokushinda ni michezo mizito na uhariri wa video, na kwa kazi hizo nunua kompyuta. Kama wewe ni mwalimu mkuu, usisubiri mradi wala mfadhili. Waombe wenzako simu za zamani zilizolala kabatini, chagua moja iliyo nzima kuliko nyingine, mpe mwalimu mmoja jukumu la kuijaza vitabu kabla shule hazijafunguliwa, na anwani yake ibandikwe ukutani ofisini.